Mbwa Asiyeitika ni wa Nani?

Wahenga walituusia kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Sisi watu wa visiwani na wa mwambao tumeushika wasia huo barabara. Tumemweka mbwa mbali na mkeka, mbali na chombo na mbali na kizingiti cha mlango. Hata hivyo hatukumweka mbali na konde. Msasi wa Unguja hutoka naye alfajiri kuwatafuta nguruwe mwitu wanaofukua mihogo. Pemba nako wako wamfugao kwa ulinzi. Na ng'ambo ya pili, katika wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga, si rahisi kukipita kitongoji bila kubwekewa. Kwa hiyo mbwa twamfuga, tupende tusipende kulikiri jambo hilo, na aliyekubali kumfuga mnyama amekubali pia wajibu juu yake.

Leo twapenda kuzungumzia sehemu moja ya wajibu huo, ambayo huenda baadhi ya wasomaji wakaiona ndogo: kumfundisha mbwa arudi kwa mwenyewe mara aitwapo, hata akiwa katikati ya mbwa wenzake. Twamwomba ndugu msomaji atuvumilie. Jambo hili limetupata sisi wenyewe, na liligharimu zaidi ya mbwa.

SIKU YA CHANJO

Mwaka 2013 tulikuwa tukifanya kazi za Chama katika kata moja ya Wilaya ya Handeni. Nyumba tuliyopanga ilikuwa pembezoni mwa mashamba ya mahindi, na kama walivyofanya jirani zetu, tulifuga mbwa, dume la rangi ya udongo, tukampa jina la Simba. Alikuwa mlinzi hodari. Nyani walimjua, wakalikwepa shamba letu. Lakini hakuwa na mazoea ya kuitika. Alikuja alipopenda, hasa harufu ya dagaa ilipotoka jikoni, akaondoka alipopenda. Hatukuona ubaya wowote. Tulikuwa tukisema kwa kujivuna kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Ikatangazwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Wananchi walikusanyika chini ya mwembe karibu na shule ya msingi, wengi wao watoto, kila mmoja amemshika mbwa kwa kipande cha kamba au kwa ukaya wa kanga iliyochakaa. Mbwa ambao hawakupata kuonana walisongamana mahali pamoja. Wakabweka, wakanusana, wakakamatana. Simba wetu alivuta mara moja, kamba ikakatika, akajiunga na wenzake waliokuwa wakimfuata jike mmoja. Tulimwita. Tukamwita tena kwa sauti kubwa zaidi, kisha kwa ukali, kisha kwa matusi ambayo hayamstahili kiongozi. Kadiri tulivyomkimbiza ndivyo alivyozidi kwenda mbio, kana kwamba twacheza naye. Bwana mifugo, sindano mkononi, akauliza kwa sauti: "Mbwa yule ni wa nani?"

Watu walicheka. Sisi, ambao wiki iliyotangulia tulisimama mkutanoni kuwahimiza wananchi wawalete mbwa wao wote, tulinyamaza. Jioni Simba alirudi nyumbani kwa hiari yake, lakini bwana mifugo alikwisha kwenda kata nyingine. Tukasema: mwaka ujao.

Miezi michache baadaye Simba alikaa siku mbili bila kurudi. Hatukushtuka, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake. Alipoonekana tulimwita, hakugeuka. Nalo hatukulistaajabia, kwani siku zote hakuwa akigeuka. Siku ya tatu alimng'ata mkononi mtoto wa jirani, mtoto ambaye alizoea kumtupia makombo. Vijana walimwua siku ile ile, wakamzika, wala hakikuchukuliwa kipimo chochote. Kwa hiyo hadi leo hatuwezi kusema kwa yakini kama alikuwa na kichaa. Mtoto aliosha kidonda, akasafirishwa, akachomwa sindano zote alizoandikiwa, na leo ni kijana mzima, Alhamdulillahi. Baba yake aliuza mbuzi wawili kwa nauli na matibabu kabla sisi hatujamfikia kumlipa. Hakutulaumu kwa neno hata moja, na kimya chake tungali tumekibeba.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni dhahiri: mbwa asiyeitika hachanjwi, ama huchanjwa kwa bahati. La pili tulilifahamu baadaye. Kichaa cha mbwa humbadilisha mnyama tabia. Mpole huwa mkali, mkali huweza kuwa mnyonge, na huenda asimjali hata yule anayemlisha. Mbwa aliyezoea kurudi kwa mwito mmoja akiacha kurudi, mwenyewe hutambua siku hiyo hiyo kwamba kuna kasoro. Huwaondoa watoto, hujiepusha naye, na humwita bwana mifugo. Lakini mbwa ambaye hata akiwa mzima haitiki, hana namna ya kutuonya anapougua.

VITABU VYASEMAJE

Wako watakaosema kwamba kumfundisha mbwa ni mambo ya Wazungu. Sisi tuliokaa chuoni tukasomeshwa na maalimu wetu twajua sivyo. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, yahalalisha windo la wanyama waliofundishwa, na neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa wafundishaji hao latokana na jina la mbwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa mwambao na visiwa vyetu, waliweka masharti manne ili mnyama ahesabiwe kuwa amefundishwa: atumwapo aende; akemewapo akome; asile windo; na mambo hayo yakariri mpaka ithibitike kuwa ni tabia yake. Windo la mbwa asiyetimiza masharti hayo, likifa kabla ya kuwahiwa kuchinjwa, ni mzoga.

Basi tazama, ndugu msomaji, uzito uliowekwa hapo. Kati ya nyama ya halali na ya haramu umesimama utiifu wa mbwa kwa sauti ya mtu. Tena mbwa wa usasi hatoki peke yake. Hutoka kundi, na windo likiinuka wote huwaka kwa pamoja. Kwa hiyo twaona kwamba mbwa anayekoma akiwa peke yake uani, na asiyekoma akiwa na wenzake, hajalitimiza sharti la pili wala la nne.

Kuhusu najisi, hukumu ya madhehebu yetu i wazi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Hilo halimzuii mtu kufundisha. Chakula cha kumtuza hutupwa chini karibu na miguu, hakitolewi kwenye kiganja. Kamba hushikwa upande mkavu. Na bakuli la mbwa huwa lake peke yake. Hakuna haja ya kumpakata mbwa ndipo atii.

MZEE WA KOROGWE

Katika ziara yetu ya hivi karibuni tulifika Korogwe, katika tambarare zilizo chini ya milima ya Usambara, ambako mashamba ya mkonge yamepakana na mahindi ya wananchi. Huko tulimkuta mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kukata mkonge. Mbwa wake ni wanne, na wakati ule walikuwa wakicheza na mbwa watano wa jirani. Mzee alipiga mluzi mmoja mfupi. Wanne wakajitenga na kundi, wakaja, wakasimama mbele yake. Watano wakabaki wakishangaa. Tulikumbuka mwembe wa mwaka 2013, tukamwomba atueleze siri yake. Alicheka, akasema hakuna siri, ila subira. Haya ndiyo aliyotueleza.

Mwito uwe mmoja, na nyumba nzima iujue. Jina la mbwa halitoshi, kwa sababu jina hutajwa kutwa: kwa kumsifu, kwa kumkemea, kwa kumfukuza jikoni. Yeye hutumia mluzi. Asiyeweza mluzi achague neno fupi asilolitumia kwa jambo lingine. Wiki za mwanzo mwito huo hutolewa nyumbani tu, mbwa akiwa na njaa, punde kabla ya kuwekewa ugali wake, na kila utolewapo chakula hufuata. Tonge dogo lenye kichwa cha dagaa latosha. Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa mmeng'enyo wa chakula, alipata umaarufu kwa kuonyesha kwamba mbwa akizoea kusikia sauti fulani kabla ya kulishwa, mate humtoka kwa sauti ile peke yake. Mzee wa Korogwe hakumsoma Pavlov, lakini kazi waliyoifanya ni moja.

Baada ya hapo huja kamba. Mzee husokota kamba ya katani mwenyewe, urefu wa hatua kumi na tano hivi, akaifunga kwenye ukanda mpana wa shingoni usiokaza, akaiacha iburuzwe. Mbwa akiitwa asipogeuka, haitwi tena. Mzee huikanyaga kamba, humvuta taratibu mpaka afike, na hata hapo humpa tonge lake. Alituambia kwamba anayemwita mbwa mara tano amemfundisha kuzipuuza mara nne.

Ndipo mbwa wenziwe huingizwa, nao huingizwa kwa hatua. Kwanza mbwa mmoja mpole hufungwa mbali, upande wa pili wa shamba, mahali ambapo mwanafunzi amwona lakini bado akili yake iko kwenye chakula. Kipimo chake ni chepesi: akikataa tonge, yuko karibu mno, arudishwe nyuma. Kila baada ya siku chache umbali hupunguzwa kwa hatua chache. Kisha huwa mbwa wawili, kisha mbwa waliofunguliwa, kisha mbwa wanaocheza. Kamba haiondolewi mpaka mbwa arudi mara nyingi mfululizo bila kuvutwa. Kazi hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, na kwa mbwa mzima aliyezoea kuzurura huchukua zaidi. Mtoto wa mbwa ni mwepesi, na miezi mitatu ya mwanzo ndiyo bora ya kumzoesha watu na mbwa watulivu. Samaki mkunje angali mbichi.

Kuna pia wakati wa kuita. Mbwa huonyesha nia yake kabla hajatimua mbio: masikio husimama, mkia hukakamaa, kichwa huganda upande mmoja. Hapo ndipo aitwe. Aliyekwisha kuingia katika ugomvi au anayemfuata jike anayetaka dume hasikii, na kumwita wakati huo ni kuuchosha mwito wenyewe. Hao huendewa kwa kamba. Na jike akiwa katika siku hizo hufungwa nyumbani, kwa usalama wake na kwa amani ya kitongoji kizima.

Tena mbwa hakimbizwi. Kwake yeye kukimbizwa ni mchezo. Anayetaka mbwa amfuate humpa kisogo akaondoka, au huchutama chini akatulia. Tuliposikia hayo tulitazama ardhi kwa haya.

Jambo la mwisho mzee alilikaririsha mara mbili. Kuitwa kusiwe mwisho wa furaha. Wengi wetu humwita mbwa tunapotaka kumfunga, kumwogesha dawa ya kupe au kumchapa kwa kosa alilolifanya asubuhi. Mbwa si mjinga. Hujumlisha, akaona kwamba kwenda kwa bwana wake ni hasara na kubaki na wenzake ni faida. Mzee huwaita mbwa wake mara kumi kwa siku; mara tisa huwapa tonge na kuwaruhusu warudi kuchezani, na mara moja tu huwafunga. Wala hajampiga mbwa aliyekuja, hata kama amechelewa, hata kama manyoya ya kuku yangali mdomoni mwake. Adhabu iliyotolewa hapo haimfundishi kuacha kuku, humfundisha kutokuja.

Asiyeamini kwamba mnyama hufunzika bila fimbo na asafiri hadi Morogoro. Hapo, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafunza panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini pamoja na kifua kikuu, kwa mlio mdogo unaofuatwa na chakula. Panya mmoja aliyezaliwa nchini Tanzania, Magawa, aligundua zaidi ya mabomu mia moja huko Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020. Ikiwa panya ameweza, mbwa ambaye ameishi na binadamu tangu kale atashindwaje?

KISA CHA PEMBA

Msomaji wa kisiwani aweza kuuliza, hayo ya Handeni na Korogwe yanamhusu nini? Yanamhusu sana. Kisiwa cha Pemba kilisumbuliwa na kichaa cha mbwa kwa miaka. Kampeni za kuchanja mbwa zikaupunguza ugonjwa huo mpaka ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarejea, na wataalamu waliochambua vinasaba vya virusi vyake walionyesha kwamba uliingizwa upya kisiwani. Ikabidi kazi ianzwe tena, chanjo juu ya chanjo, mpaka ukaondolewa mwaka 2018. Bahari kati ya Tanga na Pemba ni ya safari ya siku moja kwa jahazi. Mbwa asiyechanjwa wa bara na mtoto wa Wete au Mkoani hawako mbali kama ramani inavyoonyesha.

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa wa mahali wachanjwe ili ugonjwa ukatike, na mataifa yamejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno. Asilimia hiyo hujengwa mbwa mmoja mmoja, chini ya miembe kama ule wa kwetu, na kila mbwa aliyekatika kamba ni pengo. Huko Handeni, ambako tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimehamia kijiji cha Msomera pamoja na mifugo yao, wafugaji wageni na wenyeji wamekuwa majirani, na panapokutana mifugo mipya mbwa nao hukutana.

WAJIBU WETU

Twapenda basi kuwakumbusha viongozi mambo machache, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, siku ya chanjo itangazwe mapema, miezi miwili au mitatu kabla, na tangazo hilo liambatane na maelezo ya namna ya kumzoesha mbwa kamba na mwito. Bwana mifugo akipewa robo saa katika mkutano wa kijiji, ayaeleze haya kwa vitendo, atakuwa amejirahisishia kazi yake mwenyewe.

Pili, mbwa wasikusanywe wote mahali pamoja kwa saa moja. Kila kitongoji kwa bara, na kila shehia kwa visiwani, kipangiwe wakati wake, na wenye mbwa wasimame mbalimbali. Mtu mzima ndiye amshike mbwa. Mtoto wa miaka minane hawezi kumzuia dume aliyeona wenzake, na tunapomtuma yeye tunajivua jukumu letu na kumvika mtoto.

Tatu, bandarini na katika madiko, mbwa anayevushwa kwenda visiwani aulizwe cheti chake cha chanjo kama abiria anavyoulizwa tiketi.

Nne, kila mwananchi ajue kwamba aliyeng'atwa huosha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha huenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuona kama mbwa atakufa.

Na sisi makada tunao wajibu wa ziada. Tusiwahimize wananchi kwa midomo huku mbwa wetu wenyewe wakituaibisha mbele yao. Mwaka huu tumefuga mbwa mwingine, jike, aliyetoka katika kizazi cha mbwa wa yule mzee wa Korogwe. Yuko katika mwezi wa pili wa kamba. Akiwa peke yake hurudi kila aitwapo. Akiwa na mbwa mmoja wa jirani hurudi mara nyingi. Wakiwa watatu bado twaikanyaga kamba. Amekwisha kuchanjwa. Siku hiyo bwana mifugo aliuliza, kama ilivyo kawaida yao, mbwa huyu ni wa nani, nasi tukajibu kwa sauti ya kusikika kwamba ni wetu.